Kuandaa nyumba ya mawe ya Lamu kwa mzee anayeshinda peke yake

Nyumba nyingi za mawe katika Mji wa Kale wa Lamu zilijengwa kwa ajili ya ukoo mzima: wageni sabule (chumba cha mapokezi), wanawake ndani, watoto wakipanda na kushuka ngazi kutwa. Leo nyumba hiyo hiyo hushinda bibi mmoja wa miaka themanini. Watoto wako Mombasa, Nairobi au Ghuba, mjukuu anayelala naye yuko shule mpaka saa kumi, na ngazi ni zile zile.

Vifaa vya kumsaidia vipo, na vingi si ghali. Tatizo ni kwamba hununuliwa kwanza, halafu ndipo vikatafutiwa kazi. Mtoto aliye Dubai huleta kamera na saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo. Wiki ya tatu saa iko kabatini, kamera imefunikwa leso, na njia ya chooni bado ni giza. Mwongozo huu umepangwa kinyume chake: unaanza na mwendo wa mzee ndani ya nyumba, kisha kifaa, na kwa kila kifaa jina la mtu atakayeitika. Kengele isiyo na mwitikaji ni kelele tu. Uingereza wamelijua hilo kwa njia ngumu: kengele za dharura za wazee wengi zilitegemea laini za zamani za simu za waya, na laini hizo zilipoanza kuhamishiwa intaneti, baadhi ya kengele zikanyamaza. Baada ya visa vibaya, tarehe ya kuzima laini za zamani ilisogezwa hadi Januari 2027. Kwa hiyo ukinunua chochote, uliza kwanza: stima ikikatika kitafanyaje, na nani atajua kwamba kimezima?

Andika njia zake

Shinda naye siku moja, tangu kabla ya alfajiri mpaka baada ya isha. Andika kila mahali anapopanda, anaposhuka, anaposhika ukuta na anapokanyaga maji. Kwa nyumba za Lamu orodha huja karibu sawa: kitandani kwenda chooni mara mbili au tatu usiku, udhu wa alfajiri kwenye birika (tangi la maji la chooni), sakafu ikiwa na maji na macho hayajazoea mwanga, ngazi ya kwenda jikoni, ambalo mara nyingi liko juu chini ya makuti, na kitanda cha zamani chenye miguu mirefu. Kitanda kipime leo. Akikaa ukingoni, nyayo zote mbili zikanyage sakafu na magoti yakunjike sawasawa, kwa watu wengi ni sentimita 45 hadi 50 kutoka chini. Kikizidi hapo, afadhali kubadilisha kitanda kuliko kuweka kigoda cha kupandia, kwa sababu kigoda ndicho kitakachomwangusha.

Mahali penye maji na giza kwa pamoja ndipo pa kuanzia. Pengine pote panaweza kusubiri mwezi ujao.

Taa zinazowaka zenyewe

Nunua taa ndogo za betri zinazowaka mtu akipita. Kwa njia ya usiku mwanga wa lumeni 30 hadi 50 unatosha, na uwe wa rangi ya manjano, kwa sababu mweupe mkali humpofusha mtu aliyetoka usingizini na kumharibia usingizi akirudi. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ni mahali pake hasa: hutoboi plasta, na taa inakaa usawa wa kiuno au chini kidogo, ikimulika sakafu badala ya macho.

Kinachoiwasha taa hakimwoni mtu. Kinahisi tofauti ya joto kati ya mwili wake na kilicho nyuma yake. Ndiyo maana taa hizi hufanya kazi vizuri wakati wa kusi na hulegea wakati wa kaskazi, Februari na Machi, ukuta ukiwa na joto linalokaribia la ngozi. Boksi litakwambia mita tano. Wewe panga kwa mita mbili. Pia huwahi kumhisi anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja, kwa hiyo iweke ubavuni mwa njia, si mwisho wake.

Taa nyingi hujizima baada ya nusu dakika. Kwa mzee anayeshuka ngazi polepole, hiyo ni kumwacha gizani katikati ya ngazi. Weka moja juu na moja chini, ili ya pili iwake kabla ya kwanza kuzima, kisha ijaribu kwa mwendo wake, si wako. Na kuna paka. Mjini Lamu wanaweza kuimaliza betri kwa wiki moja. Ziba nusu ya chini ya kile kioo cheupe kwa utepe wa karatasi, taa iwe inahisi kilicho juu ya magoti peke yake.

Chumvi ya bahari hula vibati vya betri na kuacha ukoga wa kijani. Mara moja kwa mwezi toa betri, futa vibati kwa kitambaa chenye siki kidogo, kausha kabisa, paka vaselini nyembamba sana, rudisha. Taa iliyokufa baada ya miezi minne mara nyingi haijaharibika, ina ukoga tu. Kama unatumia taa za sola, paneli ioshwe kwa maji matamu, maana utando wa chumvi na vumbi hauonekani ukiwa chini lakini hupunguza chaji.

Ngazi zenyewe: paka mstari mweupe wa sentimita 5 kwenye ukingo wa kila daraja. Utepe wa kubandika haudumu juu ya plasta ya chokaa, na ukibanduka nusu unakuwa mtego. Kishikio kiwe sentimita 85 hadi 95 juu ya ukingo wa daraja, unene wa kujaa kiganjani. Jiwe la matumbawe ni laini, na skrubu yenye kiplastiki itang'oka siku ile ile mtu anapoitegemea kweli, kwa hiyo mpe fundi anayejua nyumba za zamani afunge ubao mrefu kwenye pointi nyingi. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, basi kabla ya kutoboa kuta au kugusa mlango wa nakshi pita ofisi ya makumbusho uulize.

Simu

Mwachie kabambe yake, simu ndogo ya vitufe. Mzee aliyezoea vitufe hatafaidika na simu ya kioo inayosogea kwa kila mguso, na kabambe hukaa na chaji siku kadhaa. Ukinunua mpya, tafuta yenye vitufe vikubwa, sauti kubwa na kitako cha kuchajia cha kuweka tu, kwa sababu kutafuta tundu dogo la chaja kwa vidole vinavyotetemeka ndiko kunakofanya simu ikutwe imezima.

Weka namba za mkato: kitufe 2 jirani, 3 mtoto aliye karibu, 4 mtoto aliye mbali. Jirani awe wa kwanza. Mtoto aliye Doha hawezi kumwinua mtu sakafuni.

Baadhi ya simu za wazee zina kitufe cha dharura mgongoni: ukikibana sekunde chache, simu hupiga namba tano kwa zamu mpaka mmoja apokee. Hapa kuna mtego. Kama namba ya kwanza ina ujumbe wa sauti wa kupokea simu, kifaa hudhani mtu amepokea na huacha kuendelea. Zima huduma hiyo kwenye namba zote tano, kisha fanya jaribio la kweli: namba ya kwanza izimwe, kitufe kibanwe, uone kama ya pili italia.

Kuta za matumbawe zinaweza kuwa na unene wa nusu mita na zaidi, na mtandao hufa ndani yake. Usiamini vijistari vya simu. Piga kutoka kila chumba, mlango ukiwa umefungwa, kila laini kwa zamu. Mara nyingi laini inayoshika vizuri barabarani haishiki ndani, na inayoshika ndani ni ile usiyoitarajia. Laini ya mzee iwe hiyo.

Kengele ya chooni

Simu haiendi chooni, na ikienda huishia birikani. Lakini chooni ndiko watu huanguka. Suluhisho la bei ndogo ni kengele ya mlango isiyotumia waya, ile ya kitufe na kisanduku kinacholia. Kitufe kifungwe ukutani sentimita 30 tu kutoka sakafuni, maana aliyeanguka hafikii cha usawa wa bega. Kikiwa juu, kifungie kamba inayofika chini. Kifunge ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki usioingiza maji.

Kisanduku kinacholia kikae kwa jirani. Nyumba nyingi za mjini zimeshikana ukuta, nyingine zimeunganishwa na wikio, daraja linalopita juu ya kichochoro, kwa hiyo masafa hayawi mbali. Lakini boksi linalodai mita mia moja linazungumzia uwanja mtupu. Kwa kuta za Lamu tegemea ukuta mmoja, pengine miwili. Kama hakilii, sogeza kisanduku kuelekea upande wa kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi, mawimbi yatapita juu. Kama kengele ya jirani mwingine inaliza yako, badilisha mlio au namba ya siri ya kifaa kama kijitabu chake kinavyoeleza, la sivyo baada ya wiki mbili hakuna atakayeinuka.

Kisha zungumza na jirani waziwazi, na kwa adabu yake: "Mama Fatma, ikilia, mchana au usiku, tunakuomba uje. Ukikuta si kitu, usikasirike." Kubalianeni nani anakuja jirani akisafiri. Na hapa ndipo mipango mingi huvunjikia: jirani anafika, mlango umefungwa komeo kwa ndani. Komeo la ndani libadilishwe kwa kitasa kinachofunguka kwa ufunguo kutoka nje, na ufunguo wa pili ukae kwa jirani. Bila hilo, kengele itamfanya jirani asikie tu.

Ijaribu kila Ijumaa baada ya swala. Siku isiyobadilika haisahauliki.

Kujua kwamba ameamka

Mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi ya Japani ilianza kuuza birika la umeme linalompelekea mtoto ujumbe kila mzazi anapochemsha maji. Wazo ni zuri kwa sababu mzee hafanyi chochote kipya. Anakunywa chai yake, na familia inajua yu mzima. Lamu kahawa huchemshwa kwa gesi au makaa, lakini wazo linahama bila birika.

Njia ya kwanza, na ndiyo tunayoipendekeza kwa nyumba nyingi, ni kubipu. Kila asubuhi akimaliza kahawa anambipu mtoto mmoja aliyetajwa. Haigharimu kitu, haihitaji intaneti, na stima ikikatika bado inafanya kazi. Bipu isipofika kufikia saa tatu asubuhi, mtoto anapiga. Asipopokea mara mbili ndani ya dakika kumi, anampigia jirani. Andikeni saa hizo. Familia nyingi hubipiana bila kukubaliana hatua ya pili, na siku bipu isipokuja kila mtu hudhani mwenzake ameshapiga.

Njia ya pili ni kihisi cha mlango: vipande viwili vyenye sumaku vinavyotuma ujumbe kwa waifai mlango au kabati likifunguliwa. Kibandike kwenye kabati la dawa au mlango wa jikoni, si mlango wa nje, kwa sababu wa nje hufunguliwa na kila mpitaji. Vifaa hivi karibu vyote hutumia masafa ya 2.4 GHz peke yake. Ruta ikiwa imewekwa 5 GHz, havitaunganika na utadhani ni vibovu. Ruta ikae karibu na uwazi wa kiwanda, na iwe na betri ndogo ya akiba inayoishikilia stima ikikatika. Weka kanuni ya kukosekana: kabati halijafunguliwa mpaka saa tatu, ujumbe uende. Ikiingia Ramadhani badilisha saa zote siku ya kwanza, la sivyo utapata hofu ya bure kila asubuhi mpaka uzime kifaa, na Shawwal utasahau kukiwasha.

Kamera ndani ya nyumba hatuipendekezi. Nyumba ya Kiswahili imejengwa kwa sitara, mlango hadi tekani (ukumbi wa kuingilia) hadi ndani, na bibi anayekaa bila mtandio kwake hapaswi kuwaza nani anatazama. Kama kuna sababu kubwa ya kitabibu, iwe moja, mahali anapojua, kwa ridhaa yake, na izimwe wageni wa kike wakija.

Kupima presha nyumbani

Hiki ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote, na ndicho kinachotumiwa vibaya kuliko vyote. Nunua cha kufunga mkono wa juu. Cha kifundo cha mkono hukosea kirahisi, mkono ukishuka kidogo tu namba hupanda.

Pima mduara wa mkono wake katikati ya bega na kiwiko kwa futi ya fundi cherehani. Mkanda wa kawaida unaokuja na mashine ni wa sentimita 22 hadi 32. Mnene zaidi anahitaji wa 32 hadi 42, na mzee aliyekonda chini ya 22 anahitaji mdogo. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hupandisha namba, na mkubwa kwa mkono mwembamba huzishusha. Watu wamepewa dawa wasiyoihitaji kwa sababu ya mkanda.

Nusu saa kabla ya kupima asinywe kahawa wala kuvuta sigara. Aende haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Akae kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote chini, miguu isipishane, dakika tano kimya. Mkekani hapafai, na baraza isiyo na mahali pa kuegemea haifai. Mkono uwe wazi bila mkono wa kanzu, juu ya meza, usawa wa moyo, mto ukiwa chini yake ikibidi. Ukingo wa chini wa mkanda uwe sentimita 2 au 3 juu ya kunjo la kiwiko. Mashine ikifanya kazi hakuna kuongea, wala wewe usimwongeleshe. Hili la kuongea ndilo gumu kuliko yote.

Pima mara mbili, dakika moja kati yake, na andika zote mbili. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku saba. Siku ya kwanza iache, kwa sababu ya wasiwasi. Siku sita zinazobaki zina vipimo 24. Tafuta wastani wake. Wastani wa nyumbani ukifika 135 juu au 85 chini, upeleke kliniki. Kliniki wao hutumia 140/90, usishangae tofauti; nyumbani mtu hutulia.

Ukikuta 180/120 au zaidi, mpumzishe dakika tano upime tena. Ikibaki huko na ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, mdomo umepinda, upande mmoja umelegea au maneno hayatoki sawa, ni hospitali sasa hivi. Bila dalili hizo, piga kliniki siku hiyo hiyo. Usimwongezee kidonge kwa uamuzi wako.

Kuna kipimo kimoja ambacho familia hukisahau. Baada ya kupima ameketi, mwinue, umpime tena dakika ya kwanza na ya tatu akiwa amesimama huku umemshika. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, huenda dawa au upungufu wa maji mwilini ndio unaomwangusha anapoamka usiku. Daktari akiona namba hizo kwenye daftari atakuwa na la kufanya; akiambiwa tu "bibi anapata kizunguzungu" atakuwa na la kukisia.

Mashine ikionyesha kosa mara kwa mara, au kialama cha moyo unaopiga ovyo, usiitupe kabla ya kumwambia daktari. Huenda moyo ndio hauendi kwa mpangilio. Mara moja kwa mwaka nenda na mashine kliniki, ilinganishwe na yao.

Na jambo la WhatsApp. Picha za kila kipimo zikienda kwenye kundi la familia, kila mtu anakuwa daktari, mmoja anasema kitunguu saumu, mwingine anasema aache chumvi kabisa, na bibi anapata presha kwa ajili ya presha. Daftari liwe moja, mtunzaji mmoja, na kundini uende wastani wa wiki peke yake.

Dawa, saa na sukari

Kosa la saa hutokea zaidi ya watu wanavyokiri. Mtoto anaandika "dawa saa 8" akimaanisha 8:00 ya simu, yaani saa mbili asubuhi. Bibi anaisoma saa nane mchana. Usiandike namba. Funga dawa kwenye swala au mlo: baada ya chai ya asubuhi, baada ya Maghribi. Kwa Lamu njia hii ni sahihi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu tuko karibu na ikweta na adhana ya Maghribi husogea kama nusu saa tu kwa mwaka mzima. Mji wa Ulaya usingeruhusu.

Kijisanduku cha dawa cha siku saba kijazwe na mtu mmoja, siku moja ya wiki. Vidonge visitolewe kwenye karatasi zake vyote kwa mwezi mzima. Unyevu wa pwani huvilainisha. Vikate na karatasi yake.

Vijiti vya kupimia sukari vibaki ndani ya kichupa chake, kifuniko kikifungwa papo hapo baada ya kutoa kimoja. Vikiachwa wazi kwenye hewa ya Lamu hutoa namba za uongo. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, mpe gramu 15 za sukari, kama vijiko vitatu au vinne vya chai ndani ya maji, na upime tena baada ya dakika 15. Akiwa hana fahamu usimtie kitu mdomoni. Mwenye sukari anayetaka kufunga amwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani, dozi zipangwe upya kati ya futari na daku. Akiwa amefunga na kipimo kikaonyesha chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue.

Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka. Iliyofunguliwa, nyingi hudumu wiki nne chini ya nyuzi 30, lakini soma karatasi yake. Watu hushauriwa kutumia vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, vyenye mchanga mbichi kati yake. Bara kukavu hufanya kazi vizuri sana. Hapa hewa imejaa maji, mvuke hautoki upesi, na chungu hushusha nyuzi chache tu. Kitumie kwa chupa iliyofunguliwa pekee, kivulini penye upepo, na kipimajoto ndani. Akiba iwekwe kwenye friji ya jirani au duka la dawa.

Mashine ya masikio hufa kwa jasho na unyevu. Usiku itolewe betri, kijimlango kikiwa wazi, iwekwe kwenye kopo lenye vifuko vya kukausha. Betri zake huvuta hewa: bandua kibandiko, subiri dakika moja hadi tano ndipo uifunge, na usirudishe kibandiko ukitegemea kuiokoa. Rangi ya machungwa ni saizi 13, kahawia ni 312. Ikipiga filimbi, haijakaa vizuri sikioni au kuna nta.

Pesa na usajili

Mjukuu ataijua PIN ya M-Pesa. Badala ya kujidanganya, weka kidogo simuni na kikubwa benki. PIN isiwe mwaka wa kuzaliwa. Mfundishe jambo moja la ulaghai: ujumbe wa kweli wa pesa huja kwa jina la MPESA, si kutoka namba ya mtu. Akipigiwa kwamba ametumiwa kwa makosa, asirudishe mwenyewe hata kama sauti inalia; aangalie salio, kisha amwambie mpigaji apeleke ujumbe wake 456, namba ya Safaricom ya kurudishiwa pesa. Mkweli atafanya hivyo.

Mpango wa serikali wa Inua Jamii hutoa Sh 2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi, na bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, husajiliwa kwa *147#. Jina liwe sawasawa na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Mwanaisha na Mwana Aisha kwa kompyuta ni watu wawili. Alama za vidole vya wazee waliovua samaki au kusuka makuti mara nyingi hazisomeki. Paka mafuta kidogo vidoleni, futa, jaribu vidole vingine, na uombe afisa asikate tamaa baada ya kidole gumba.

Siku ya kumtoa nje

Hakuna gari la wagonjwa litakaloingia kichochoroni. Ngazi za nyumba hizi hukunja kona na machela ya kawaida haipiti. Kiti kigumu chenye mgongo na mikono hupita, mgonjwa akifungwa leso mbili, mbebaji mmoja juu na mmoja chini. Lakini akiwa ameanguka na mguu mmoja umeonekana mfupi na kupinduka nje, huenda fupa la nyonga limevunjika. Asiinuliwe wala kusimamishwa, mwite mhudumu kwanza, mfunike, na asipandishwe punda.

Kwa aliye mjini, Hospitali ya King Fahd iko karibu. Kwa aliye Shela, Matondoni, Kipungani au kisiwa cha Pate, kinachoamua ni maji. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukipevuka, hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Saa hizo mashua haitii nanga mbele ya mji wa Pate, na njia ni kwenda kupandia gati la Mtangawanda. Pakua jedwali la maji la mwaka simuni, lichapishe, libandike nyuma ya mlango pamoja na karatasi moja yenye majina ya dawa na dozi, anachodhuriwa nacho, namba ya SHA, namba ya jirani, na namba za manahodha wawili. Mmoja hatoshi, kwa sababu wa kwanza huenda akawa baharini.